Ua la Baba na Karatasi ya Tatu

Sehemu ya Sita

Kwa ambaye hakunisoma wiki iliyopita nitasema kwa ufupi, maana kuyarudia haya yote kunanichosha roho.

Jina langu ni Shawna Tackett. Mwaka ule wa 1996 nilikuwa na miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho katika sekondari ya Sayer Flats, Texas. Nilikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza wa bendi ya shule. Mama alikwisha kufariki, nikilelewa na mdogo wake, mama mdogo Verna. Baba yangu, Dwayne, alikuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Wyoming, na sikuwa nimemtia machoni kwa miaka minne.

Nilikuwa na kosa moja la kuzaliwa nalo. Mikono yangu ni mirefu.

Msicheke. Kanuni ya mavazi ya shule ilisema hivi: simama wima, teremsha mikono, sketi au kaptura isiishie juu ya ncha za vidole. Mwenye mikono mifupi anavaa sketi fupi na anapita. Mimi vidole vyangu vinakaribia magoti. Sketi ya kunifaa haikuuzwa Sayer Flats, labda ungeenda kuiomba kwa bibi wa kanisani. Na wavulana je? Wao walivaa fulana zilizokatwa mikono mpaka mbavu zinaonekana, na hakuna aliyewasogelea na rula.

Basi tayari nilikuwa na karatasi mbili za pinki, zile ambazo makamu mkuu wetu, Bi Cordell, aliwaandikia wavunja kanuni. Ya tatu ingenifungia kila shughuli ya baada ya masomo kwa wiki mbili. Hiyo ya pili niliipata kwa sketi ya kuazima, sketi ya rafiki yangu Keely Stroud, mpiga tarumbeta wa pili. Yeye aliivaa jana yake, akapita mbele ya Bi Cordell huyohuyo, akaambiwa amependeza.

Nikashikwa na hasira ya kijinga. Kipindi cha tano nilikuwa msaidizi wa ofisi, napanga mafaili. Nikachukua karatasi tupu ya pinki, nikaandika jina la Keely, nikaandika "sketi fupi, Jumanne", nikaiga sahihi ya mwalimu wa muda aliyekwisha kuondoka, nikaitia katika faili lake. Nilijiambia nasawazisha mambo.

Nilichosahau ni kwamba Keely alikuwa kwenye orodha ya wasichana wanaogombea taji la Marejeo, siku kuu ya shule yetu. Na mgombea lazima faili lake liwe safi.

Wiki iliyopita niliishia hapo. Jina lake limekatwa kwa wino ubaoni, yeye anakodoa macho, na mimi nimesimama nyuma yake nampa pole.

*

Sasa nirudi nyuma kidogo, Jumapili ya wiki ileile. Simu ililia jikoni.

"Panzi? Ni mimi."

Hakuna mwingine duniani aliyeniita Panzi. Nilikuwa mfupi nilipokuwa mdogo, tena sitembei, narukaruka tu.

"Baba?"

"Ijumaa ya Marejeo nakuja. Nimeomba ruhusa kazini, nimepewa. Nasikia unapiga tarumbeta."

"Napiga."

"Sasa nitakujuaje, mwanangu? Watoto mia moja, kofia zilezile, manyoya yaleyale."

"Wakati wa mapumziko, bendi ikiwa uwanjani, mmoja anatoka mbele anapiga peke yake. Ni mimi huyo."

"Anayetoka mbele."

"Ndiyo."

"Peke yake."

"Peke yake, Baba."

"Basi nitamwangalia anayetoka mbele. Wengine wote shauri yao."

Nilicheka. Nilipokata simu nikakaa chini, mgongo ukutani, nikalia mpaka nikaona aibu. Mtoto anapaswa kumweleza baba yake namna ya kumtambua? Krismasi iliyopita alinitumia koti zuri la sufu. Mikono yake iliniishia kwenye viwiko. Kwake yeye nilikuwa bado na miaka kumi na mitatu.

*

Alhamisi mama mdogo Verna akaingia na kasha, akalitua mezani kwa kishindo.

"Kutoka kwa yule," akasema. Tangu tumzike mama hakuwahi kumtaja kwa jina.

Ndani mlikuwa na ua.

Kwetu, Ijumaa ya Marejeo ndiyo siku waliomaliza shule zamani wanaporudi, mechi inachezwa, na kila msichana anashinda na ua kifuani. Si la bustani. Ni la kitambaa, kubwa kama sahani, lina riboni za kufika magotini, kengele na midoli. Msichana hupewa na mvulana wake. Asiye na mvulana hupewa na baba. Asiye na wote wawili hujificha maktaba, na mimi miaka mitatu mfululizo nilikuwa nimesoma sana.

Ua la baba halikufanana na ua lolote nililowahi kuona. Riboni zilishonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Kengele zake zilikuwa za ng'ombe, nne, za chuma. Katikati ya riboni zilitungwa nati za mtambo wa kuchimbia, zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Nikazihesabu. Kumi na saba.

Kulikuwa na barua ya mistari mitatu. "Tumelitengeneza kambini mimi na wenzangu. Hatujui kushona. Livae."

Mama mdogo akalinyanyua kwa mkono mmoja, akaongeza wa pili.

"Litakung'oa shingo hili."

"Nitalivaa."

"Miaka minne, Shawna. Miaka minne halafu anakuletea vyuma."

"Nitalivaa, mama mdogo."

Lakini asubuhi, kabla hajaenda kwenye zamu yake ya kutunza wazee, akanisimamisha mbele ya kioo akalibana ua kwa pini sita. Nilivaa suruali ndefu na blauzi nyeupe iliyofungwa vifungo mpaka kooni. Siku hiyo sikutaka mtu yeyote apime vidole vyangu.

"Mwambie yule," akasema akiwa na pini mdomoni, "mwambie umekua mrefu kama mama yako."

*

Niliingia shuleni nikilia kengele kama zizi zima.

"Tackett! Umevaa trekta?" mvulana mmoja wa timu akapiga kelele.

"Nani kakupa?" msichana wa darasa la hesabu akaniuliza.

"Baba."

"Kumbe una baba?"

"Ninaye. Anakuja leo."

Sikuudhika. Nilijisikia mtu mwenye watu. Kwa saa tatu nilikuwa msichana kama wasichana wengine, na nawaambia kweli, sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Kipindi cha tatu kilipokwisha nilikuwa koridoni nikielekea kabatini. Nikasikia kifungo kimoja kimeruka, kikagonga sakafu. Cha pili kikafuata. Ua lilikuwa limeivuta blauzi asubuhi nzima na sikuhisi. Pini zikachana kitambaa kutoka kolani kushuka chini, nikalidaka ua kwa mikono miwili.

Nilipoinua macho, Bi Cordell alikuwa mbele yangu na rula yake.

"Njoo ofisini, binti."

*

Kanuni ya shingo ilikuwa vidole vinne chini ya koo. Bi Cordell akaweka vidole vyake, akahesabu, akaongeza vya mkono wa pili.

"Saba," akasema.

"Ni ua, Bi Cordell. Ni zito. Limenivuta."

"Ua halina kosa. Ua ni mila yetu. Kosa ni la blauzi."

"Nitalivua."

"Ukilivua blauzi itajishona?"

"Nipe basi fulana ya kuazima, ile ya wavunja kanuni, niivae. Lakini usiniandikie, Bi, tafadhali. Ni ya tatu. Baba yangu yuko njiani kutoka Wyoming, hajaniona miaka minne. Anakuja kunisikiliza mimi napiga."

Hapo nataka mnielewe. Bi Cordell hakuwa mtu mbaya. Aliweka kalamu chini. Akavua miwani akapangusa macho. Nilianza kuamini.

"Shawna, nisikilize," akasema. "Juzi Jumatano, hapo ulipokaa, alikaa mama yake Keely Stroud. Unajua mume wake alizikwa Machi."

"Najua."

"Alilia mpaka nikamletea maji. Akaniambia, marehemu siku zote alisema atamwona binti yake na taji. Akaniomba nilifumbie macho kosa moja tu, moja, mtoto hajawahi kuandikiwa tangu aanze shule. Nikamwambia kanuni ni moja kwa wote. Nilimwambia mjane maneno hayo." Akavaa miwani. "Leo nikuachie wewe mwenye mbili, Jumapili nitamtazamaje kanisani?"

Nilikaa pale na lile ua mapajani.

Nafasi yangu ilikuwa ile. Ilikuwa saa tano mchana. Taji lingevishwa jioni. Ningesema neno moja, Keely angerudishiwa jina lake. Na wala nisingepoteza chochote cha siku ile, maana cha siku ile kilikwisha kupotea. Nimetafuta sababu miaka yote hii ili niwaambie nyie wasomaji, na sina nyingine ila woga.

"Una la kusema?" Bi Cordell akauliza.

"Sina, Bi."

Akaandika ya tatu.

*

Kwa wavunja kanuni palikuwa na sanduku la fulana za kuazima, za rangi ya chungwa, kubwa, ili kila mtu akuone kutoka mbali. Fulana nyepesi ile haikuweza kubeba ua. Nikalipakata. Kila nilipokanyaga, kengele zililia, na kila kengele zilipolia watu waligeuka.

Kipindi cha tano, ofisi ilipobaki tupu, nikapiga simu kambini kwa baba.

"Dwayne?" akajibu mtu mwenye sauti ya mkwaruzo. "Dwayne kaondoka jana alfajiri, mama. Kanyoa ndevu. Kanunua shati jipya. Wewe ndiye Panzi?"

"Ndiyo."

"Nati nilizisugua mimi. Zimekupendeza?"

"Zimenipendeza sana," nikasema, nikakata kabla sauti haijaniumbua.

Mama mdogo Verna nilimpigia pia. Zamu yake ilikuwa mpaka saa tatu usiku, wazee thelathini, wahudumu wawili. "Siwezi kutoka, mwanangu," akasema. Kisha, polepole: "Pole." Mama mdogo alikuwa hatoi pole ovyo.

Baada ya masomo Mwalimu Hatcher wa bendi akasimama mbele yetu, hakuniangalia usoni.

"Stroud," akasema, "kipande cha Tackett unapiga wewe."

*

Nilimkuta Keely kwenye chumba cha ala, anafuta tarumbeta lake. Alikwisha kuvaa sare, kofia kaiweka mezani, manyoya meupe yamesimama. Keely ni mfupi. Mikono yake mifupi, vidole vifupi, ilibidi ajifunze kulishika tarumbeta kwa namna yake.

"Keely, nina ombi."

"Sema."

"Baba yangu anakuja. Nilimwambia anayetoka mbele ni mimi."

Akaacha kufuta.

"Ukimaliza, atashuka jukwaani. Namjua, hatasubiri. Mwambie Shawna yuko lango la mashariki, nje ya uzio. Hayo tu."

"Nitamjuaje?"

"Mrefu. Kofia ya kijivu, pana. Atakuwa anaita Panzi."

"Panzi?"

"Ndivyo anavyoniita."

Akatabasamu kidogo, tabasamu likaisha. "Wangu alikuwa ananiita Bata," akasema. "Tangu Machi hakuna aliyeniita Bata."

Nikashika riboni za ua nikazinyoosha, ingawa zilikuwa zimenyooka.

"Shawna."

"Naam."

"Ile karatasi yangu iliandikwa sketi, Jumanne. Jumanne nilivaa suruali. Ile ya jinzi. Tulikula meza moja, ukanimwagia maziwa gotini. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilimwambia Bi Cordell. Akasema kila mtu husema hivyo."

"Walimu wa muda hukosea," nikasema.

"Hukosea," akasema.

Alinitazama. Sikuona hasira usoni pake, na hilo ndilo lililonitisha. Akachukua kofia, akaivaa, akafunga mkanda wake kidevuni.

"Nitamwambia baba yako," akasema, akatoka.

*

Nilikuwa kwenye lango la mashariki tangu saa kumi na moja, na fulana yangu ya chungwa na ua langu. Niliwaza kwamba nitamdaka kabla hajaingia, yaishe.

Mzee Purvis, mlinzi wa lango, alikuwa na orodha ya waliofungiwa.

"Tackett, Shawna. Upo hapa, namba nne."

"Siingii, mzee. Namsubiri baba."

"Kusubiri hakuna kanuni."

Watu wakapita, familia kwa familia, wasichana na maua yao. Kila gari la mizigo lenye namba za jimbo jingine nililikimbilia. Saa moja mechi ikaanza. Nikaanza kufikiri gari limemharibikia njiani, nikatamani iwe hivyo, kisha nikajilaumu kwa kutamani hivyo.

Ndipo nikamwona. Alikuwa ndani tayari, jukwaani, upande ule wa pili. Aliingilia lango la magharibi, wanakoegesha wageni. Ile kofia ya kijivu. Shati jeupe. Amekaa na magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye kwa daktari.

"Mzee Purvis! Yule ndiye baba yangu. Naomba nipite dakika moja, nirudi."

"Namba nne, binti."

"Basi watangaze kwenye kipaza sauti. Waseme Dwayne Tackett aje lango la mashariki."

"Kipaza sauti ni kwa magari yaliyoachwa taa zinawaka na watoto waliopotea."

"Mimi nimepotea."

Akanitazama juu mpaka chini. "Una kimo cha mlango," akasema, si kwa ubaya. "Mtu kama wewe hapotei."

Nikang'ang'ania uzio nikamwita. Sauti ikamezwa na ngoma. Nikalitikisa ua kwa nguvu zangu zote, kengele nne za ng'ombe na nati kumi na saba. Baba akageuza kichwa. Akageuza na upande mwingine. Kisha akaacha. Uwanja mzima ulikuwa unalia kengele. Wasichana mia mbili walivaa maua usiku ule.

*

Mapumziko yakafika. Bendi ikaingia kwa safu, ikasimama katikati ya taa.

Nilikijua kipande kile kuliko jina langu. Nilijua pale safu zitakapofunguka, na mguu utakaotangulia. Safu zikafunguka, Keely akatoka mbele, peke yake, mdogo chini ya yale manyoya.

Akapiga.

Ningependa kuwaambia alikosea. Hakukosea. Mimi nilikuwa nakipiga kwa mbwembwe, nikitaka watu waniangalie. Yeye alikipiga taratibu, na ile noti ya juu ya mwisho, ambayo mimi huifukuzia, yeye aliiacha ije. Watu wakanyamaza mpaka kengele zikanyamaza.

Jukwaani mtu mmoja akasimama. Akavua kofia. Hata Mzee Purvis alimsikia.

"Panzi! Panzi wangu!"

"Niko huku!" nikapiga kelele. "Baba! Huku!"

Kabla makofi hayajaisha alikuwa anashuka ngazi mbilimbili, akaruka uzio mdogo wa chini. Bendi ilikuwa inatoka kwa kona ya mashariki, upande wangu, hatua thelathini kutoka nilipokuwa. Nikashukuru. Nikasema, sasa. Sasa atamwambia, atageuka, ataniona.

Alimkuta Keely kwenye kona. Akasimama mbele yake, kofia mkononi, ghafla kama mtu aliyesahau alichokijia. Nilimwona anasema kitu. Nilimwona anapima kwa kiganja kimo cha mtoto, karibu na kifua chake, halafu anakipandisha kidogo tu mpaka kwenye manyoya ya Keely, na anacheka.

Alinikumbuka mfupi. Alikuwa anamwona mtoto yuleyule aliyemwacha, ameongezeka inchi chache.

Bendi ya wageni ilikuwa inaingia, ngoma zinavuma. Nikainua mkono wangu mrefu juu ya uzio, na ua mwishoni mwake. Riboni zikaning'inia, nati zikamulikwa na taa.

Keely akaniona. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, juu ya bega la baba yangu. Aliona ua. Midomo yake ikafunguka. Nikamwona anavuta pumzi ya kusema.

Baba akafungua mikono.

Keely akafumba macho. Hakuvua kofia. Akaingia kifuani kwa baba yangu, akamkumbatia. Mikono yake mifupi, iliyopita kila kipimo cha Bi Cordell, haikuweza kukutana mgongoni pale. Ikakamata lile shati jipya, kila mmoja upande wake, ikalikunja ngumini.

Sikujua kama analipiza kisasi au analia. Mpaka leo, nikilitazama jambo lile kwa haki, sijui.

"Yule si Keely Stroud?" Mzee Purvis akauliza, amekunja uso. "Mimi nilidhani baba yake alifariki."

Nikalishusha ua.

Baba akamshika bega. Wakaanza kutembea pamoja pembeni mwa uwanja, polepole, kuelekea lango la magharibi, kule magari ya wageni yalikoegeshwa. Keely hakurudi kwenye bendi. Kofia bado ilikuwa kichwani, mkanda bado kidevuni.

Kwa mtu aliye nje ya uzio, lango la magharibi ni mwendo wa kuzunguka uwanja mzima na shamba la pamba nyuma yake. Nikaanza kukimbia.

"Litupe hilo dubwana, binti!" Mzee Purvis akanipigia kelele. "Utakimbiaje nalo?"

Sikulitupa.